Waliopekua Anga: Kutoka Kilwa hadi Uhuru, na Kutoka Uhuru hadi Rubin

Kilwa Kisiwani iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na hapo Nyota ya Kaskazini haionekani. Kwa mkulima wa Lindi jambo hilo halina uzito. Kwa nahodha aliyetoka Hormuzi au Kambaya miaka 600 iliyopita lilikuwa zito kuliko shehena yake: nyota aliyofundishwa kuishika tangu utoto ilikuwa imezama, na safari bado haijaisha.

Historia ya pwani hii na anga lake inaanzia hapo. Inapita Malindi mara mbili, inagusa Lindi kwa njia ya mifupa, kisha inafika milima ya Chile, ambako mwaka 2025 darubini mpya ya Vera C. Rubin ilitoa picha zake za kwanza. Wengi hudhani nyota hujulikana kwa kukikodolea macho kitu kimoja mpaka kifichue siri yake. Mara nyingi imekuwa vingine. Waliovumbua makubwa ni wale waliopekua anga lote, wakaandika kila walichokiona, kizuri na kisicho na maana, kisha wakarudia.

Kupima kwa vidole: karne ya 14 na 15

Upepo ndio uliojenga Kilwa. Kaskazi ikivuma kuanzia Desemba, vyombo vilishuka kutoka Uarabuni, Uajemi na India. Kusi ikishika baada ya Aprili, vilipanda kurudi kwao. Chombo kilichowahi kuondoka kiliweza kufika Kilwa, kikauza, kikanunua na kurudi ndani ya mwaka mmoja wa pepo. Kushuka zaidi hadi Sofala kulimaanisha kulala ugenini msimu mzima. Kwa hiyo dhahabu ya nyanda za Zimbabwe ililetwa Kilwa na vyombo vya pwani, na wageni wakaingojea hapo. Faida hiyo ndiyo iliyomwezesha Sultani al-Hasan bin Sulaiman kujenga jumba la Husuni Kubwa mwanzoni mwa karne ya 14. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliuhesabu mji huo miongoni mwa miji mizuri kabisa.

Lakini upepo husukuma tu. Haumwambii mtu amefika wapi. Kazi hiyo ilikuwa ya nyota. Rubani wa chombo alichukua kamali, kibao kidogo cha mbao chenye uzi wa mafundo, akauma uzi kwa meno, akakipanga kibao hadi ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na wa juu uguse nyota. Urefu wa nyota ulihesabiwa kwa vidole, kidole kimoja kikiwa zaidi kidogo ya nyuzi moja na nusu. Kaskazini mwa ikweta nyota ya kupimia ilikuwa Jaa, ile ya ncha. Ilipozama, marubani walihamia Farkadani, nyota mbili zinazoizunguka kwa karibu. Hizo nazo zilipokaribia mno maji, walishika Naashi, zile saba kubwa ambazo Wazungu huziona kama dubu.

Ahmad bin Majid, mzaliwa wa Julfar, ambayo leo ni Ras al-Khaimah, aliyaandika haya katika karne ya 15. Utenzi wake mrefu kuhusu njia ya Sofala unazitaja bandari za pwani hii, Kilwa ikiwemo, pamoja na nyota za kuziongozea. Elimu ya namna hiyo haikutungwa na mtu mmoja kwa usiku mmoja. Ni ukaguzi wa anga uliofanywa kwa vizazi na watu ambao majina yao hatunayo, kila rubani akisahihisha nusu kidole cha aliyemtangulia. Nasisitiza hili kwa sababu vitabu vya shule hupenda kuitaja dhahabu ya Kilwa na kuiacha hesabu iliyoifikisha sokoni.

Malindi ya kwanza: 1498 hadi 1512

Mwezi Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga Malindi na kupewa rubani. Tarehe 24 mwezi huo aliondoka. Tarehe 20 Mei alikuwa Kalikuti. Masimulizi ya muda mrefu yanadai rubani huyo alikuwa bin Majid mwenyewe. Wanahistoria wengi wa leo hawakubali, na maandishi ya Wareno yanaelekeza zaidi kwa mtu wa Gujarati. Awe nani awaye, hesabu ya nyota na pepo iliyokusanywa kwa karne kadhaa ilitumika kwa siku zisizofika 30, na bahari ikawa na mwenyewe mwingine.

Kilwa ililipa mapema. Cabral alifika 1500. Da Gama akarudi 1502 na kumtoza sultani kodi kwa mizinga. Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji na kujenga ngome. Kufikia 1512 Wareno walikuwa wameiacha ngome hiyo, kwa kuwa biashara waliyoijia ilikuwa imetoroka. Marubani waliendelea kusafiri kwa nyota katika majahazi kwa karne nyingi baadaye. Utenzi wa Sofala, hata hivyo, ulikuja kuibuka mbali sana na bahari hii: nakala yake ilikuwa katika hazina ya maandiko ya Leningrad, na Mrusi Shumovsky aliichapisha mwaka 1957.

Mifupa iliyopanda meli: 1906 hadi 1913

Lindi ina kisa chake cha aina hiyo, ingawa kinahusu ardhi. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, alikuta mifupa mikubwa mno katika kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin yaliendesha uchimbaji chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu ambaye Wajerumani wenyewe walikiri kuwa fundi wa kuitoa mifupa bila kuivunja. Takriban tani 225 zilibebwa vichwani na mabegani kwa siku kadhaa hadi bandarini Lindi, zikapakiwa. Mjusi mkubwa wa Tendaguru, yaani dinosaria, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimama Berlin hadi leo.

Kisa hiki nimekiweka hapa kwa sababu kinafanana na kinachofuata, isipokuwa mara hii kilichopelekwa nje kilikuwa mwanga.

Jukwaa la Ngomeni: 1962 hadi 1970

Tarehe 18 Juni 1962 roketi ndogo iliruka kutoka jangwa la New Mexico, Marekani. Kundi la Riccardo Giacconi, mwanafizikia Mwitalia aliyehamia huko, lilitaka kujua kama mwezi unatoa miale ya eksirei. Hewa ya dunia huizuia miale hiyo, kwa hiyo lazima chombo kipande juu ya hewa. Roketi ilikaa huko dakika chache tu, ikijizungusha. Mwezi haukuonyesha kitu. Lakini kwa kuwa chombo kilikuwa kinazunguka na kulifagia anga, kilikutana na chanzo chenye nguvu ya ajabu upande wa kundi la Nge, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitazamia chochote.

Miaka minane iliyofuata ilitumika kurusha roketi nyingine za aina hiyo, na vyanzo vilivyojulikana vikafika makumi machache. Kila safari iliisha kabla watu hawajashiba. Giacconi alitaka chombo kitakachokaa angani miezi na miaka, kipekue anga lote bila kuchagua.

Wakati huo Italia ilikuwa imeshajipatia mahali pa kurushia. Luigi Broglio, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Roma, alikuwa amesimamisha majukwaa mawili ya chuma baharini katika Ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Jukwaa la kurushia liliitwa San Marco. La kuongozea liliitwa Santa Rita, na kabla ya hapo lilikuwa la kuchimbia mafuta. Setilaiti ya kwanza iliondoka hapo tarehe 26 Aprili 1967.

Kwa nini Malindi na si Florida? Ngomeni iko chini ya nyuzi 3 kutoka ikweta. Hapo dunia inajizungusha kwa kasi yake kubwa kabisa na kukikopesha chombo kasi hiyo, jambo ambalo roketi ndogo kama Scout ililihitaji sana. Sababu ya pili ilikuwa nzito zaidi kwa Giacconi. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya chembechembe zenye nguvu zinazozagaa angani kusini mwa Atlantiki, ambazo zingevichanganya vipimo vyake. Kilwa ilistawi kwa sababu ya mahali ilipo katika ramani ya pepo. Ngomeni ilichaguliwa kwa mahali ilipo katika ramani ya dunia nzima.

Chombo cha Giacconi, chenye uzito wa karibu kilo 140, kilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru. Marjorie Townsend, mwanamke aliyeusimamia mradi huo upande wa NASA, alikiita Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Waliokirusha walikuwa Waitalia, na ilikuwa mara ya kwanza setilaiti ya Marekani kurushwa na watu wa taifa jingine.

Miezi ya kwanza ya Uhuru: 1971 hadi 1973

Uhuru haikuwa na kioo wala lenzi. Ilibeba seti mbili za vihesabio vya miale, zilizotazama pande mbili zinazopingana, na ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa takriban dakika 12. Kila mzunguko ulifagia ukanda mmoja wa anga. Waongozaji waliusogeza mhimili wake, ukanda mwingine ukafagiwa. Hakuna kazi ya kuchosha kuliko hiyo, na hakuna iliyozaa haraka kama hiyo.

Jambo la kwanza lilijitokeza mwanzoni mwa 1971. Chanzo kimoja katika kundi la Kantarusi, kinachoitwa Cen X-3, kilikuwa kinapwita kila baada ya sekunde 4.8, bila kukosea. Baada ya kufuatiliwa kwa miezi, ikaonekana kwamba kila siku 2.1 hivi kinatoweka kwa saa kadhaa kisha kinarudi, kama taa ya chombo kinachopita nyuma ya kisiwa. Mapigo yenyewe yalikuwa yanawahi kidogo, halafu yanachelewa kidogo, kwa kipindi kilekile cha siku mbili. Maelezo yaliyobaki yalikuwa moja tu: kitu hicho kinazunguka nyota nyingine kubwa, na ndiyo inayokifunika.

Kitu hicho ni nyota ya nyutroni, masalia ya nyota iliyokufa, chenye uzito unaozidi wa jua letu katika mpira wa kilomita 20 hivi. Kinainyonya gesi ya jirani yake. Gesi inapoanguka juu yake hupata joto la mamilioni ya nyuzi na kutoa eksirei. Kabla ya hapo wanasayansi waliwaza jambo hilo kwenye karatasi. Sasa walikuwa na saa ya kulipimia. Chanzo kingine, Her X-1, kilikutwa kikipwita kila sekunde 1.24 na kuzunguka mwenzake kwa siku 1.7.

La pili lilisumbua zaidi. Katika kundi la Dajaja kulikuwa na Cyg X-1, chanzo kilichojulikana tangu enzi za roketi. Uhuru ilionyesha kuwa miale yake inarukaruka bila mpangilio, kwa vipindi vifupi kuliko sekunde moja. Kinachoweza kubadilika upesi hivyo lazima kiwe kidogo. Wataalamu wa redio walisaidia kupata mahali pake hasa, na hapo palikuwa na nyota kubwa ya buluu. Louise Webster na Paul Murdin wa Uingereza, na Tom Bolton wa Toronto, kila upande kwa njia yake, walikuta kwamba nyota hiyo inazunguka kitu kisichoonekana kila baada ya siku 5.6, na kwamba kitu hicho ni kizito mno kuwa nyota ya nyutroni. Dunia ikapata shimo jeusi lake la kwanza la kuaminika. Stephen Hawking aliweka dau na Kip Thorne kwamba si shimo jeusi. Alikubali kushindwa mwaka 1990.

La tatu halikuvuma magazetini, ingawa kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote. Uhuru ilikuta kwamba makundi ya galaksi, lile la Mashuke likiwemo, ambalo wanasayansi huliita Virgo, yanatoa eksirei si kutoka kwenye nukta moja bali kutoka eneo pana. Kati ya galaksi na galaksi, mahali palipodhaniwa pakavu, mna gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi. Uzito wake unazidi ule wa nyota zote zilizomo. Gesi moto hivyo ingepaswa kutawanyika. Kama haitawanyiki, kuna kitu kinachoishikilia, na galaksi zinazoonekana hazina uzito wa kutosha kuifanya kazi hiyo.

Mwaka uleule wa 1970 ambao Uhuru iliruka, mwanamke mwingine nchini Marekani, Vera Rubin, pamoja na mwenzake Kent Ford, walichapisha vipimo vya mzunguko wa galaksi ya Andromeda. Nyota za pembezoni zilikuwa zinakwenda kasi kuliko uzito unaoonekana ulivyoruhusu. Swali lilikuwa lilelile, limefikiwa kwa njia nyingine. Leo huitwa suala la mata ya giza, na bado hakuna anayejua imetengenezwa kwa nini.

Uhuru ilinyamaza Machi 1973. Orodha yake ya mwisho, iliyochapishwa 1978, ilikuwa na vyanzo 339. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Ngomeni baada ya Uhuru

Majukwaa hayakusimama bure mara moja. Novemba 1972 ilirushwa SAS-2 ya miale ya gama. Oktoba 1974 Ariel 5 ya Waingereza, ambayo mwaka uliofuata ilinasa mlipuko mkubwa wa eksirei uliokuja kuthibitishwa kuwa wa shimo jeusi jingine. Mei 1975 SAS-3. Kisha safari zikapungua, na ya mwisho ikaondoka Machi 1988. Kenya ilipopata setilaiti yake ya uangalizi, Taifa-1, Aprili 2023, ilirushwa kutoka California. Yanabaki majukwaa yanayoshika kutu, kituo cha mawasiliano, na jina la Kiswahili katika kila kitabu cha historia ya elimu ya eksirei za angani, ambalo wasomaji wengi wa dunia hulitamka bila kujua ni la wapi.

Rubin: 2025

Tarehe 23 Juni 2025 darubini iliyopewa jina la Vera Rubin, juu ya mlima Cerro Pachón, Chile, ilionyesha kazi yake ya majaribio. Kioo chake kina upana wa mita 8.4. Kamera yake ina pikseli bilioni 3.2, uzito wa karibu tani 3, na kila picha hufunika eneo la anga linaloweza kupangwa miezi mipevu 45. Imepangiwa kulipekua anga la kusini kila baada ya siku chache kwa miaka 10, ikirudia kila kipande takriban mara 800. Mradi mzima umejengwa juu ya wazo lile la Uhuru: usichague, fagia.

Matunda yakaja mapema. Katika saa zaidi kidogo ya 10 za majaribio ilikuta asteroidi 2,104 ambazo hazikuwahi kujulikana, saba kati yake zikipita jirani na dunia, ingawa hakuna ya kutisha. Uchambuzi uliofuata ulibaini kwamba mojawapo ya asteroidi ilizozinasa, 2025 MN45, yenye upana wa takriban mita 710, inajizungusha mara moja kwa chini ya dakika mbili. Kifusi kilichoshikana kwa uvutano tu kingesambaratika kwa kasi hiyo. Basi hiyo ni jiwe gumu.

Picha iliyozungumzwa kuliko zote ilipigwa upande wa Mashuke, kundi lilelile ambalo Uhuru ililikuta likiogelea katika gesi moto. Zilihitajika picha 1,185 zilizounganishwa, na ndani yake mna galaksi zipatazo milioni 10. Katika data hizo wachambuzi waligundua pia mkia mrefu wa nyota ukining'inia kutoka galaksi ya Messier 61. Galaksi hiyo imetazamwa na watu tangu 1779, na mkia huo ulikuwa haujaonekana. Ni masalia ya galaksi ndogo iliyoraruliwa na kubwa.

Giza la Kilwa

Kila nyota inayopita utosini mwa mtu wa Kilwa au Lindi imo katika eneo ambalo Rubin italipekua. Na Kilwa ina mali ambayo miji mikubwa imeipoteza: giza. Gesi ya Songosongo, kisiwa cha wilaya ya Kilwa, imekuwa ikizalisha umeme wa nchi tangu 2004. Taa za Dar es Salaam zinazowaka kwa gesi hiyo zimewanyima wakazi wake Njia Nyeupe, wakati wavuvi wa Songosongo bado wanaiona kila usiku usio na mwezi. Sijui kama kuna biashara nyingine ambayo muuzaji ametoka na faida ya namna hii bila kuitambua.

Septemba 2016, jua lilipopatwa na kubaki pete juu ya Rujewa, mkoani Mbeya, maelfu ya watu walikusanyika, wanafunzi wakiwa wengi, na Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa amefanya kazi kubwa ya kuwaandaa wananchi. Hamu ipo. Kinachohitajika sasa si kikubwa. Vipimo vya asteroidi vya Rubin hupelekwa katika kituo cha kimataifa ambacho daftari lake liko wazi kwa yeyote, na tahadhari za Rubin kuhusu mabadiliko ya anga zimekusudiwa umma wa dunia, si Wamarekani na Wachile peke yao. Mwalimu wa fizikia wa Kilwa Masoko mwenye kompyuta moja na intaneti ya kusuasua anaweza kuwapa wanafunzi wake data halisi ya usiku uliopita. Elimu ya nyota ya bin Majid iliishia Leningrad na mjusi wa Tendaguru akaishia Berlin. Safari hii data haifungiwi kabatini. Walimu wa Lindi na Mtwara, maofisa elimu, na vyuo vyetu vikuu: ichukueni sasa, maana ukaguzi huu ni wa miaka 10, na mtoto anayeanza darasa la kwanza leo atakuwa kidato cha nne, au karibu nacho, utakapofungwa.